Maji Yanayowasha

Mara ya kwanza mfereji uliponipiga nilidhani ni usingizi. Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, povu la sabuni machoni, nikanyoosha mkono kufunga maji. Kitu kikapita kwenye vidole hadi kiwiko, kama siafu wanaokimbia kwa foleni. Nikautoa mkono. Nikagusa tena kwa mgongo wa kidole, vile Mama alinifunza kugusa pasi. Safari hii nikaruka. Nikaufunga kwa kutumia patipati, nikavaa, nikaenda steji. Nilikuwa nimechelewa, na Nairobi huwezi kumwambia bosi umechelewa kwa sababu mfereji umekupiga.

Naishi SQ Kileleshwa, kwenye moja ya vile vibarabara vinavyotoka Othaya Road. Kama umewahi kutafuta keja upande huu wa mji unaijua hali: vyumba viwili na bafu nyuma ya nyumba kubwa, vilivyojengewa watumishi, na siku hizi vinakaliwa na sisi wenye kazi za ofisi na mishahara ambayo haijafika ghorofani. Nyumba kubwa ni ya mawe, paa la vigae, sakafu ya mbao, na ua la kayaba lililozeeka hadi limekuwa ukuta. Mwenye nyumba ni mama wa miaka sabini na kitu ambaye kila mtu, kuanzia soja wa jirani hadi mwenye kibanda cha mboga, humwita Shosho. Husema nyumba ilijengwa kabla ya uhuru kwa ajili ya afisa wa serikali ya Waingereza, na kwamba marehemu mumewe aliinunua miaka ya sabini. Pande tatu tumezungukwa na maghorofa. Kwetu jua huzama saa kumi jioni, nyuma ya orofa ya kumi na mbili.

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja wenye malalamiko. Kitu cha kwanza tulichofunzwa ni kuuliza: tatizo lilianza lini, hutokea saa ngapi, na ni nini kingine huwa kinaendelea wakati huo? Nawauliza watu maswali hayo siku nzima, kwa sauti ya upole. Kujiuliza mimi mwenyewe kulinichukua muda, na mafundi wawili.

Fundi wa kwanza nilimpata pale steji. Alitazama shawa ya umeme, ile ya plastiki ambayo sisi sote huiita instanti, akaigonga mara mbili kama mtu anayenunua tikiti maji. “Madam, hii imechoka.” Akaweka mpya. Nikalipa shilingi 3,500 ya shawa na mia nane ya kazi. Kesho yake asubuhi siafu walikuwa palepale.

Hapo ndipo nilianza kuandika kwenye simu. Tarehe, saa, imepiga, haijapiga. Sikuwa na mpango wowote wa maana, ni mazoea ya kazini tu. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, imepiga. Jumanne saa nne usiku, haijapiga. Jumamosi saa sita mchana, haijapiga. Wiki moja nzima ya mwezi wa nane, hakuna kitu, nikadhani imejitibu. Halafu Jumatatu, saa moja jioni, ikanipiga hadi nikauma ulimi.

Fundi wa pili alikuja na bodaboda. Kijana mchangamfu, bisibisi ya testa mfukoni kama kalamu ya daktari. Alifungua shawa, akagusa nyaya moja moja. Aligusa ule wa kijani, taa ndogo ya testa ikawaka. “Umeona? Hii ndiyo inakuletea stima. Na haina kazi hii. Shawa inahitaji mbili tu.” Akaukata, akaufunga kwa tepu nyeusi. Akawasha shawa, akashika mfereji kwa mkono mtupu huku akinitazama. Kimya. Nikamlipa elfu moja kwa furaha na kuihifadhi namba yake: Fundi Stima Mnoma.

Haki yake nimpe: alichokiona kilikuwa kweli. Stima ilikuwa inaingia bafuni kwangu kupitia ule waya wa kijani. Alichokosea ni kufikiri kwamba ukishaona mlango mwizi anamopitia, dawa ni kuung'oa mlango.

Nilioga kwa amani wiki tano. Kisha mambo mawili yakatokea kwa wakati mmoja. Maji ya kaunti yakakatika, Shosho akaagiza bowsa ya maji ya kisima. Na Mama akaja kutoka Kakamega kwa kliniki ya macho.

Siku ya pili jioni nilikuwa napika. Nikasikia mlio mfupi, si wa mtu kuita, ni kama wa mtu aliyesukumwa, halafu kishindo. Nilipoingia bafuni Mama alikuwa chini kwenye saruji, maji ya moto yakimwagika ukutani, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani. Nilitaka kufunga maji. Akasema, “Usishike hiyo!” kwa ile sauti ya nikiwa na miaka minne karibu na jiko la mkaa. Nikakimbia kuzima swichi kwanza.

Mkono haukuvunjika. Tulilala kwenye benchi la hospitali hadi saa nane za usiku ili tuambiwe hivyo, na turudi na bandeji. Lakini yale masaa sitayasahau, kwa sababu Mama hakulalamika hata kidogo. Alikaa amefunga leso juu ya sweta langu, akasema tu, “Mwanangu, maji yenu yamenikataa.”

Asubuhi Shosho alikuja na chupa ya chai na dawa ya kuchua. Hawakuwa wamewahi kukutana, yeye na Mama, lakini ni rika moja, na walisalimiana kama watu waliosoma shule moja. Nikaeleza habari ya mfereji. Shosho akaweka kikombe chini.

“Yule mzee wangu wa bustani,” akasema, “aliyekuwa akikaa hapa kabla yako. Alikuwa akisema hivyo hivyo. Kwamba maji yanawasha. Sisi tulidhani ni pombe.”

Mama akamwuliza, “Alikaa hapa miaka mingapi?”

“Kumi na mmoja.”

“Na alikuwa akioga namna gani?”

Shosho alitazama mlango wa bafu. “Na beseni, nafikiri,” akasema.

Hakuna aliyeongeza neno. Chai ilinywewa.

Soja wa ghorofa la jirani ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa tatu, mzee wa Kangemi. Alishuka kwenye matatu na mkoba wa turubai, miwani imefungwa kwa uzi, na kabla sijauliza akanionyesha kadi yake ya EPRA. Sheria inataka fundi wa stima awe na leseni ya hawa watu wa EPRA. Wawili wa kwanza sikuwauliza, kama vile sijawahi kumwuliza dereva wa matatu. Alisomea Kabete miaka ya sabini, na nyumba kama hii ndizo alizojifunzia kazi.

Hakufungua shawa. Alisimama mlangoni pa bafu, mikono nyuma, akauliza, “Inapiga saa ngapi?”

Nilitaka kumkumbatia. Nikampa simu. Alisoma ile orodha polepole, kidole kikishuka kwenye kioo. Alfajiri na jioni. Alfajiri na jioni. Mchana hakuna. Usiku wa manane hakuna. Akafika kwenye ile wiki ya mwezi wa nane.

“Hapa mwenye nyumba alikuwa wapi?”

Nikafikiri. Shosho alikuwa ameenda Nyeri kwenye mazishi.

Mzee akageuka akatazama nyumba kubwa, mita ishirini ng'ambo ya mti wa avokado. “Basi tatizo haliko kwako,” akasema. “Mama huwasha hita ya maji saa ngapi?”

Sasa nitaeleza vile alivyonieleza, maana nilimrudisha nyuma mara tatu mpaka nikaelewa. Waya wa ardhi, ule wa kijani ambao mafundi huuita athi, una kazi moja. Stima ikitoroka ndani ya chombo na kuingia kwenye chuma chake, iwe na njia rahisi ya kwenda udongoni kuliko mwili wako. Waya zote za ardhi za boma moja hukutana kwenye boksi la fyuzi, na kutoka hapo waya mmoja mnene huteremka hadi ardhini. “Ni kama mtaro wa maji machafu,” mzee akasema. “Kila nyumba imeunganishwa. Mtaro ukizibwa huko mbele, choo cha jirani kinafurika kwako. Wewe wa chini ndiye unanuka, na uchafu si wako.”

Hakuniomba nimwamini. Alitoa nondo ya futi tatu, akaipigilia kwenye kitanda cha maua nje ya dirisha langu, akaimwagia ndoo ya maji. Akachukua balbu ya zamani, ya waya ndani, yenye vishikizo viwili. Upande mmoja akaunga kwenye nondo. Upande wa pili kwenye ule waya wa kijani uliokatwa bafuni. Akatuambia tusogee mbali, halafu akanituma nikamwombe Shosho awashe hita.

Niliporudi balbu ilikuwa imewaka. Hafifu, rangi ya machungwa, kama mkaa unaokaribia kuzimika. Ilikuwa imeungwa kati ya waya wa usalama na udongo, mahali ambapo hapapaswi kuwa na stima yoyote. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi, mkono kwenye bandeji. Akaitazama sana. “Hiyo ndiyo ilinipiga?”

“Hapana, Mama,” mzee akasema. “Hiyo ndiyo ilikuwa ikimpiga huyu msichana, na mwingine aliyekuwako kabla yake. Iliyokupiga wewe ni nyingine.”

Ndani ya shawa ya instanti, koili ya kuchemsha maji iko uchi ndani ya maji. Stima kidogo daima huvuja, na waya wa ardhi upo ili kuichukua. Maji ya kaunti yanapitisha stima kidogo sana. Maji ya kisima yana chumvichumvi, yanapitisha zaidi, ndiyo maana madukani utaona shawa zingine zimeandikwa ni za maji ya chumvi. Yangu haikuwa ya hivyo. Bowsa ilipokuja, waya wa ardhi ulikuwa umeshakatwa na Fundi Stima Mnoma, kwa idhini yangu na elfu yangu. Kuanzia kwenye koili, njia iliyobaki ilikuwa maji, mfereji wa chuma, mkono wa Mama, na saruji yenye maji chini ya miguu yake.

Nilimtazama Mama. Alikuwa akimwangalia mzee, si mimi, na nikashukuru.

Basi tukaenda kuutafuta mtaro ulikozibwa. Boksi la mita la nyumba kubwa lina mlango wa chuma, na chini ya tabaka za rangi bado unaweza kusoma herufi EAP&L. Hiyo ni East African Power and Lighting, kampuni iliyoundwa 1922, ambayo ilibadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting mwaka 1983. Mita ni mpya, ya tokeni. Lakini karibu kila kitu nyuma ya mita kilikuwa cha enzi ya zile herufi. Boksi la fyuzi ni lile la vishikizo vya kauri ambavyo unavichomoa na kufunga uzi mwembamba wa fyuzi mwenyewe. Katika kishikizo kimoja mtu alikuwa amechoka na kuungua kwa fyuzi, akafunga nyuzi za shaba alizozichuna kwenye waya wa kawaida. Hiyo haitaungua hata nyumba ikiungua.

Kutoka hapo waya wa ardhi ulitoka dirishani pa jikoni na kushuka ukutani hadi kwenye paipu ya maji. Zamani ndivyo ilivyofanywa mara nyingi: paipu zilikuwa za chuma, zimezikwa ardhini mita nyingi, basi kwa nini uchimbe tena? Unafunga waya kwenye paipu kwa bangili ya chuma na kazi imeisha. Mzee alipangusa kutu kwa kidole gumba, akafuata paipu kwenda chini. Ilikuwa na urefu wa mkono wangu. Baada ya hapo ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na mdomo wake umezibwa na kiota cha nyigu.

“Tulibadilisha paipu zote,” Shosho akasema nyuma yetu. “Zilikuwa zimeoza. Tukaweka zile za plastiki, za kijani. Zile kuukuu walizifukua wakauza chuma chakavu.” Alifikiria. “Huyo mzee wa bustani ndiye aliwasaidia kuchimba.”

Fundi wa maji alikuwa amefanya kazi yake vizuri kabisa. Hakuna aliyemwambia kwamba paipu ile ilibeba kitu kingine zaidi ya maji.

Na kwa nini Shosho hakupigwa hata siku moja, miaka yote hiyo, na hita ni yake? Nilimwuliza mzee tukiwa wawili. Alinihesabia. Paipu za kwake sasa ni plastiki, kwa hiyo mifereji yake haijashikana na chuma cha hita. Sakafu ni mbao. Hutembea na slipa za mpira. Friji, akakiri baadaye, wakati mwingine “inamchezea” akiigusa, lakini alidhani ni ubaridi. Kwetu nyuma ni saruji tupu na miguu mitupu. Umeme ulitafuta mahali palipolowa, ukapapata.

Mzee alipanda darini na tochi. Akateremka na kipande cha waya mkononi, urefu wa kidole, cha kunionyesha. Kabla ya plastiki, nyaya zilivikwa mpira na kitambaa, na ule mpira ulikuwa umekauka ukawa kama ganda la mkate. Alikikunja kidogo, ganda likadondoka lote, shaba ikabaki inang'aa. “Usiende huko juu,” akasema. “Na panya wakienda, waombee.” Kwenye SQ alipata hadithi nyingine. Afisa wa Mwingereza aliwawekea watumishi balbu moja kila chumba, hakuna soketi hata moja. Kila aliyekuja baadaye alivuta kidogo kutoka kwenye balbu. Kwanza soketi ya redio. Kisha soketi ya pili. Kisha shawa. Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 240 inavuta ampia 23 hivi, nayo ilikuwa imeungwa kwenye waya wa milimita 1.5, waya wa taa. Rangi nazo zilikuwa ni vurugu. Nyaya za zamani, nyekundu ndiyo ya moto na nyeusi ndiyo nyutro. Waingereza wenyewe walihama kabisa 2006, sasa ya moto ni kahawia na nyutro ni bluu, na nyeusi siku hizi yaweza kuwa ya moto. Kwangu darini zote tatu zilikuwa zimesokotwa pamoja kama sufi.

Bei ndiyo iliyotukwamisha. Shosho si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Lakini kuna watu wa magari makubwa wanaokuja kila baada ya miezi michache kunywa chai yake na kuutazama mti wa avokado kama uko njiani. Majirani wote wameshauza. “Mwaka ujao huenda nyumba hii isiwepo,” akasema. “Niweke waya mpya za nini, za tingatinga?”

Nilinyamaza. Mimi ni mpangaji, kodi yangu ni ya chini kwa sababu nyumba ni kuukuu, na sikutaka kuwa yule anayefanya hesabu zibadilike. Mama ndiye aliyesema, kwa upole, akichezea ncha ya bandeji. “Sawa, dada yangu. Na hadi tingatinga lije, mtoto ataoga wapi?”

Tulikubaliana hivi: waya zote za nyumba zingoje, lakini ardhi itafutwe sasa, na shawa yangu iwe na njia yake. Mimi nilipe nusu ya vifaa vya SQ.

Jumamosi mzee alinipeleka tao. Nilidhani naijua Luthuli Avenue, huko ndiko nilikonunulia simu mbili na kuibiwa moja. Lakini kuingia na fundi ni kuingia mji mwingine. Tulipanda ngazi ambazo sijawahi kuziona, tukapita vibanda vya spika vinavyogombana, tukatokea River Road kwenye duka jembamba lenye roli za waya hadi darini. Muuzaji alitoa roli ya bei nzuri. Mzee akaomba kisu, akakwangua ncha. Chini ya wekundu wa shaba kukatokea weupe. “Hii ni alumini imepakwa lipstiki,” akasema, akairudisha. Muuzaji hata hakuona aibu, akatoa nyingine. Duka la pili tulipata fito ya ardhi ya futi nne, iliyovikwa shaba, na duka la tatu ile breka wanayoiita RCD, ambayo mzee aliitazama stika ya KEBS kwa miwani na bila miwani. Jumla ilikuwa shilingi 11,400. Tulikula maandazi tumesimama, akinieleza kwa nini hiyo RCD ndiyo ya maana kuliko vyote.

Fyuzi, akasema, inajali waya. Waya ukibeba mzigo kupita kiasi, fyuzi inaungua. Mtu akipigwa, stima inayopita mwilini mwake ni kidogo mno, fyuzi ya ampia 15 haina habari. RCD haijali mzigo. Inahesabu stima inayotoka kwa waya wa moto na inayorudi kwa nyutro. Zikitofautiana kwa miliampia 30, yaani elfu thelathini kwa milioni ya ampia, inajua kuna stima imepita mahali pengine, na inakata kabla hujamaliza kushtuka. Na kwenye udongo wetu, fito peke yake haitoshi kuunguza fyuzi. Vinakwenda pamoja.

Kazi ilichukua siku mbili. Fito ilipigiliwa karibu na jikoni, ile bangili ya kutu ikastaafu. Shawa ikapata waya wake wa milimita 4 na breka ya ampia 32, na waya wangu wa kijani ukaungwa tena, tepu nyeusi ikatupwa. Jioni ya pili mzee aliweka RCD kwenye nyumba kubwa, akawasha kila kitu kimoja kimoja. Taa. Friji. Runinga. Vyote vikakaa. Kisha akamwambia Shosho, “Mama, washa hita yako.”

Shosho akabonyeza. Tik. Giza nyumba nzima.

Mzee akarudisha. Shosho akabonyeza tena, safari hii akiitazama swichi yenyewe. Tik.

“Imesema yenyewe,” mzee akasema gizani.

Kesho yake walitoa koili ya hita. Ilikuwa imevaa chokaa nyeupe nene, kama kitu kilichotolewa baharini, na chini ya chokaa ganda lake lilikuwa limepasuka urefu wa ukucha. Marehemu ndiye aliyeinunua ile hita. Shosho aliishika koili kwa mikono yote miwili, akaiweka mezani juu ya gazeti, na kwa siku kadhaa haikutupwa. Alilipia mpya bila kuuliza bei. Ile RCD ya nyumba kubwa pia alilipa yeye, na kishikizo kile cha nyuzi za shaba akaomba kibadilishwe, “kwa kuwa uko hapa tayari.”

Mama alirudi Kakamega wiki iliyofuata. Asubuhi ya safari aliingia bafuni, nikasimama nje ya mlango kama soja. Nilisikia maji yakifunguliwa. Nikasikia yakifungwa. Akatoka, akasema maji yana moto sana, nipunguze.

Jumapili moja baadaye Shosho aliniita nyumba kubwa nimsaidie na simu. Alikuwa na daftari la zamani la namba, namba nyingine bado zile za tarakimu za zamani, na alikuwa akimtafuta yule mzee wa bustani. Alikuwa amerudi kwao Murang'a. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilikuwa ya mwanawe, naye akatupa ya tatu. Nikaweka kwenye spika, nikaweka simu juu ya meza.

Walisalimiana kwa muda mrefu. Watoto, magoti, mvua. Kisha Shosho akasema, “Ile maji iliyokuwa ikiwasha. Tumeipata.”

Upande wa pili ukanyamaza. Kuku walisikika.

“Ya mfereji wa kule nyuma?”

“Ee. Ilikuwa hita yangu.”

“Nilikuambia, Mama,” akasema.

“Uliniambia.”

Kuku tena. Halafu mzee akauliza kama ule mti wa avokado bado unazaa, na kama kuna mtu anaukata yale matawi yanayoegemea paa.